Wiki Moja Kisiwani: Tununue au Tusinunue?



Wanachama wengi wa Thika na Ruiru wametuletea swali moja, na ni haki yao kupata jibu. Kuna mawakala wanaozunguka na vitabu vya picha nzuri, wakiuza kitu wanachokiita "wiki" katika hoteli za visiwani, Lamu na Unguja. Mnunuzi hulipa fedha nyingi, kwa mara moja au kidogo kidogo, na baada ya hapo anapata ruhusa ya kulala katika chumba cha hoteli siku 7 kila mwaka, kwa miaka 20 au 30 au zaidi. Wanachama wengine wamekwisha kuomba chama kikubali fedha hizo zikatwe katika mishahara yao. Wengine wanasema huu ni wizi mtupu. Haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza tuseme jambo moja lieleweke. Wako watu wanaosema kwamba mfanyi kazi kutamani kupumzika baharini ni majivuno. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Likizo ni haki, tena ni haki iliyopiganiwa. Wafanyi kazi wa Ufaransa walipata wiki mbili za likizo yenye malipo mwezi wa Juni 1936, baada ya migomo mikubwa. Mwezi huo huo Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha Mapatano Nambari 52 juu ya likizo ya malipo. Hapa Kenya, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyi kazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila akimaliza miezi 12. Mtu anayesimama kwenye mashine usiku kucha, au anayekata mananasi juani, au mama anayechuma kahawa na kubeba debe mgongoni, anastahili kuiona bahari sawasawa na mwenye kampuni.

Kwa hiyo tunakubaliana juu ya safari. Tunalouliza ni njia ya kufika.

BIASHARA HII NI KITU GANI

Biashara ya kuuza wiki si mpya. Ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Uswisi kampuni moja iliianza mwaka 1963. Baadaye ikaenea Marekani, na katika visiwa vya Hispania kama Tenerife, ambako Waingereza wengi walinunua wakati wa likizo zao. Si mchezo wa piramidi kama ile iliyomaliza akiba za watu hapa kwetu mwaka 2006 na 2007. Ni biashara halali, na wako watu waliofurahia wiki zao miaka mingi. Ni lazima tuseme hivyo, kwa sababu anayemwita kila muuzaji mwizi mwishowe hasikilizwi.

Lakini huko Ulaya malalamiko ya wanunuzi yalikuwa mengi hata serikali zikalazimika kutunga sheria. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1992, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka 1994. Jambo kubwa katika sheria hizo lilikuwa kumpa mnunuzi siku kadhaa za kujirudi baada ya kutia sahihi. Ndugu, jiulizeni: ni bidhaa gani hii inayohitaji sheria ya kumpa mtu nafasi ya kujirudi? Ni ile inayouzwa kwa haraka, kwa chai na zawadi na maneno matamu, na kwa kuambiwa kwamba bei hii ni ya leo tu. Wazee walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

TUPIGE HESABU

Wakala hupiga hesabu yake hivi. Tuseme wiki ni Sh. 300,000 kwa miaka 30. Atasema: "Gawanya, ni Sh. 10,000 tu kwa mwaka! Hoteli gani itakupa siku 7 kwa bei hiyo?" Hesabu hiyo haina kosa, ila haijakwisha.

Mwenye wiki hulipa ada ya matengenezo kila mwaka, aende asiende. Tuseme ada ni Sh. 25,000. Ikipanda 7 kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 10 itakuwa imekaribia Sh. 50,000, na mwenye kuipandisha ni hoteli, wala si wewe.

Sasa tazameni upande wa pili. Sh. 300,000 zile zile zikikaa katika chama cha akiba na mikopo kinacholipa faida ya 8 kwa mia, zitaleta Sh. 24,000 kila mwaka. Ongeza Sh. 25,000 ambazo ungelipa ada. Jumla ni Sh. 49,000. Maana yake, mtu asiyenunua wiki ana Sh. 49,000 za likizo kila mwaka, ambazo ni Sh. 7,000 kwa kila usiku wa zile siku 7. Anaweza kwenda Lamu mwaka huu, Kisumu mwaka ujao, na mwaka wa tatu akabaki nyumbani na kulipa karo ya mtoto. Baada ya miaka 30 Sh. 300,000 zake bado zipo. Mwenzake aliyenunua hana kitu.

Na hiyo ni hesabu ya mtu mwenye fedha mkononi. Wengi wetu tungekopa. Ukikopa Sh. 300,000 kwa miezi 36, kwa riba ya 1 kwa mia kwa mwezi juu ya deni linalobaki, utalipa riba ya Sh. 55,500, na mwezi wa kwanza utakatwa Sh. 11,333. Mtu wa mshahara wa Sh. 25,000 ataishije? Sheria inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, lakini sheria hiyo ni ya kumzuia mtu asife njaa. Si shabaha ya kuifikia. Katika makato hayo zimo tayari fedha za akiba ya uzee, za afya, na ile ada ya nyumba ya 1.5 kwa mia ambayo Bunge liliipitisha upya mwezi wa Machi 2024. Payslipu imekwisha kuwa nyembamba. Tukiongeza wiki ya kisiwani juu yake, mwisho wa mwezi tutapokea karatasi tupu.

WIKI YAO NA KAZI ZETU

Tena kuna jambo ambalo wakala haliulizi, kwa sababu hajui kazi zetu. Likizo yetu hupangwa kwa kufuata kazi. Katika mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika mavuno makubwa huangukia miezi ya Oktoba hadi Disemba, na wakati huo ni shida mtu kupewa ruhusa. Viwandani tuna zamu, na msimamizi aweza kukuambia wiki mbili kabla kwamba likizo yako imesogezwa. Hoteli haisogezi wiki yako kwa ajili ya zamu. Ikikupita imekupita, na ada unalipa.

Wiki zenyewe hazilingani. Wiki ya Disemba ni ghali. Ya bei nafuu mara nyingi ni ya Mei, wakati wa masika, pepo za kusi zinapovuma, bahari inachafuka, na baadhi ya hoteli za Lamu hufunga milango. Uliyeonyeshwa picha ya jua utakuta mvua.

Na safari je? Kutoka Thika uende Nairobi kwa matatu, kisha Mombasa kwa treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kisha zaidi ya kilomita 300 kwa basi mpaka Mokowe, kisha chombo cha kuvuka kuingia Lamu. Ukiwa na mke na watoto watatu, hesabu nauli za watu watano, kwenda na kurudi. Katika siku 7 ulizonunua, mbili zimekwisha njiani ikiwa hutapata ruhusa ya ziada. Wa kwenda Unguja ana mpaka wa nchi wa kuvuka pia. Naye ajue kwamba Zanzibar ardhi yote ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Akiambiwa kwamba "anamiliki" kipande cha kisiwa, aulize anamiliki nini hasa, na kesi ikitokea itasikilizwa katika mahakama ya nchi gani.

KUINGIA NI RAHISI, KUTOKA JE?

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Sisi ni watu wa mshahara. Wakongwe wa Thika wanakumbuka miaka ya 1990, nguo za mitumba zilipojaa na viwanda vya nguo vya nchi hii vikaanza kupunguza watu au kufunga kabisa. Mtu akiachishwa kazi anaweza kuacha kununua nyama, lakini ada ya wiki inamfuata. Akitaka kuiuza wiki yake, atakuta wauzaji wengi na wanunuzi wachache, maana hoteli yenyewe ingali inauza mpya kwa zawadi na chai.

Huko Hispania watu waliuziwa mikataba isiyo na mwisho, wakajikuta wazee wasioweza kusafiri, na bado wanadaiwa. Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mikataba isiyo na kikomo, kinyume cha sheria iliyoweka mwisho wa miaka 50, ni batili. Ilikuwa faraja, lakini ilichukua miaka na mawakili. Nani miongoni mwetu ana wakili?

Kwa hiyo mwanachama asitie sahihi kabla ya kupata majibu ya maswali haya, tena kwa maandishi:

1. Ada ya mwaka ni kiasi gani, na nani ana uwezo wa kuipandisha?
2. Wiki ni ya tarehe gani, na yaweza kubadilishwa kwa gharama gani?
3. Mkataba unakwisha mwaka gani, na mtu akifa deni linakwenda kwa nani?
4. Mtu akitaka kutoka, anatokaje?
5. Hoteli ikiuzwa au ikifilisika, wenye wiki wana haki gani?

Na ambaye amekwisha kutia sahihi asikae kimya kwa aibu. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya mwaka 2012 inaitaja mikataba ya namna hii kwa jina, na inampa mnunuzi siku 10 baada ya kupokea nakala ya mkataba kuuvunja bila kutoa sababu. Haki hiyo haiondolewi na maneno madogo madogo yaliyoandikwa chini ya karatasi. Njoo ofisini na karatasi zako siku hiyo hiyo.

TUNALOSHAURI

Mtu mwenye fedha zake, asiye na deni, aliyemaliza nyumba na karo, na ambaye likizo yake haibadiliki, akitaka kununua wiki ni hiari yake. Lakini tunawashauri wanachama wasikope kwa ajili hiyo, na tunapinga chama kukubali makato ya wiki katika mshahara. Jina la chama likiwa kwenye fomu ya wakala, mwanachama ataamini kwamba sisi tumeipima biashara hiyo na kuikubali.

Iko njia nyingine. Wachimba makaa wa Derbyshire, Uingereza, mwaka 1939 walifungua kambi yao ya likizo pwani ya Skegness, ili wao na watoto wao wapumzike. Mwaka huo huo Uswisi vyama vya wafanyi kazi vilishiriki kuanzisha ushirika wa Reka, wa kumsaidia mfanyi kazi kuweka akiba ya safari. Hawa hawakusubiri wakala.

Sisi hatuna fedha za kujenga kambi. Lakini watu 40 wakiweka Sh. 1,000 kila mwezi katika akaunti ya likizo ndani ya chama chao cha akiba, kwa mwaka ni Sh. 480,000. Watu 40 wanaokwenda hotelini pamoja wakati wageni ni wachache wana nguvu ya kupatana bei, kama vile tunavyopatana mishahara. Mtu akihama kazi au akipata msiba, anachukua akiba yake na kwenda nayo. Hadaiwi na mtu.

Tunaomba jambo hili liwekwe katika mkutano mkuu ujao wa tawi, lijadiliwe na lipigiwe kura. Wanaotaka kununua wiki waje pia na mikataba yao isomwe kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mbele ya wote. Kama ni biashara njema, itastahimili kusomwa.

Umoja ni nguvu.