Jibu Sahihi Ni Sifuri

Mhadhiri alichora mchezo ubaoni. Una dola 10. Kiasi chochote utakachompa mtu usiyemjua kitazidishwa mara 3, kisha yeye ataamua akurudishie ngapi, au asikurudishie kitu. Utatoa ngapi? Nadharia inasema: anayejali fedha tu hatarudisha, nawe ukilijua hilo hutatoa. Jibu sahihi ni sifuri. Mtihani ulipofika tuliandika sifuri, tukapata alama zetu.

Niliandika huku nikimfikiria Mama. Kwa miaka mingi alipanda basi la alfajiri kutoka Morogoro hadi Kariakoo kuchukua khanga kwa mali kauli: bila fedha mkononi, bila hati, bila mdhamini. Mwenye duka aliandika jina lake na idadi ya korija kwenye daftari, akasema, "Nenda dada, utaniona mwisho wa mwezi." Ada yangu ya shule ilitoka kwenye daftari lile. Kwa jibu langu la mtihani, mwenye duka alikuwa mjinga, na Mama aliyerudi kulipa alikuwa mjinga zaidi.

Wapo watakaonijibu kwamba ile ni hesabu tu: Mama alilipa kwa sababu angehitaji mzigo mwezi unaofuata. Sikatai, hesabu imo. Lakini Joyce Berg, John Dickhaut na Kevin McCabe walichapisha mwaka 1995 matokeo ya mchezo huu ukichezwa mara moja tu, na watu wasiojuana. Kati ya watoaji 32, wawili tu walitoa sifuri. Wastani ulizidi dola 5. Hapakuwa na mwezi unaofuata. Ni kweli kwamba, kwa wastani, kilichorudi kilipungua kidogo kuliko kilichotolewa, na wengine walidhulumiwa kabisa. Sisemi watu ni malaika. Nasema nadharia inayoanza kwa kudhani kila mtu atakudhulumu imekosea pa kuanzia.

Kosa hilo lingeishia ubaoni, nisingelalamika. Lakini huingia kwenye kanuni tunazotungiwa. Mwaka 2000, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza yaliyotokea katika vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini. Uchelewaji ukaongezeka karibu maradufu. Zamani mzazi aliona aibu kumweka mlezi. Sasa alikuwa ananunua muda. Faini ilipoondolewa, wazazi waliendelea kuchelewa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mama alipokwenda benki, aliombwa hati ya nyumba. Miaka yote ya kulipa bila kukosa haikuwa na nafasi kwenye fomu. Mtu aliyekopeshwa kila mwezi akaambiwa hakopesheki.

Mali kauli nayo ina ubaya wake: mgeni asiyejulikana hapewi mzigo, na mmoja akitoroka, wengine hubanwa. Basi tufundishwe hayo: nani huaminiwa, nani huachwa nje, na kwa nini. Wengi wetu tunaosoma uchumi leo ndio tutakaoandika fomu za kesho. Ninachodai ni kidogo: mhadhiri anapoandika sifuri ubaoni, aandike na kando yake kwamba hiyo ni dhana, kisha aandike walichofanya watu.