Msiyalaumu Maji ya Mlima, Tazameni Fizi

Ukishuka kutoka kwenye matatu hapa Naro Moru alfajiri, baridi ya Mlima Kenya hukupokea kabla ya mwenyeji wako. Maji yenyewe hukata kama wembe. Ndiyo sababu mtu akilalamika kwamba meno humwuma anapokunywa maji, hujibiwa upesi, "Ni maji ya mlima hayo." Akitema damu anapopiga mswaki, jibu ni hilo hilo.

Majuzi nilimsikia mama mmoja, mkulima wa vitunguu, akimwambia jirani yake kwamba ameacha kupiga mswaki mwezi mzima ili fizi "zipumzike". Meno yake mawili ya chini tayari yanacheza. Mama huyo pia ana ugonjwa wa sukari, na hakuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Uhusiano upo, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kwanza tuyaondolee maji lawama. Sehemu ya jino tunayoiona imefunikwa na ganda gumu, lakini mzizi hauna ganda hilo. Mzizi hukingwa na ufizi. Ufizi ukirudi nyuma, mzizi hubaki wazi, na hapo maji baridi hukuchoma hadi utosini. Maji ya Naro Moru ni shahidi tu. Mwizi ni mwingine.

Mwizi mwenyewe ni ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno, uliojaa vijidudu. Mwaka 1965, mtaalamu Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hivyo mama yetu alifanya kinyume kabisa cha dawa. Ufizi unaotoka damu unahitaji kusafishwa zaidi, kwa upole.

Ukoga ukiachwa hukauka ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa maji ya chumvi. Hukwanguliwa na mganga wa meno. Usipotolewa, ufizi huachana na jino, usaha huingia katikati, na mfupa unaolishika jino huliwa polepole. Mara nyingi hakuna maumivu, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 98 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoka damu. Usitishike ukadhani sote tutabaki vibogoyo. Watafiti waliowapima watu zaidi ya 1,000 wilayani Machakos, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1988, walikuta ukoga na ugaga karibu kila mahali, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa kwa wachache. Swali ni hili: wachache hao ni akina nani?

Wavutaji wa sigara wamo, na wao wana hatari ya ziada, kwani tumbaku hubana mishipa midogo na kuficha ile damu ambayo ingewaonya. Wenye ugonjwa wa sukari wamo pia. Sukari ikizidi katika damu, mwili hushindwa kupigana na vijidudu na vidonda hukawia kupona. Tena njia hiyo ni ya pande mbili: fizi zilizooza huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Utafiti umeonyesha kwamba fizi zikitibiwa ipasavyo, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu hushuka, ingawa si sana.

Jambo hili si dogo kwetu. Mwaka 2018 Nyeri ilipochaguliwa miongoni mwa kaunti nne za kujaribia mpango wa afya kwa wote, wingi wa magonjwa kama kisukari ulikuwa mojawapo ya sababu. Lakini ni wangapi kati yetu, tukienda kliniki ya sukari, tumewahi kufungua kinywa kitazamwe? Mwambie daktari, hata asipokuuliza.

Kuhusu moyo, niseme ukweli. Wenye fizi mbovu hupata maradhi ya moyo zaidi, lakini haijathibitishwa kwamba fizi ndizo chanzo. Hata hivyo, mwenye vali ya moyo iliyowahi kuugua asifanye mchezo, maana vijidudu vya kinywani vyaweza kuingia kwenye damu na kutua hapo.

Ninyi mlio Nairobi, mkija likizo mtazameni nyanya anapokula. Akitafuna upande mmoja, au akikataa mahindi ya kuchoma aliyoyapenda, msiseme ni uzee. Mpelekeni Nanyuki au Nyeri mjini akwanguliwe ugaga kabla jino halijang'oka. Kama amezoea kijiti cha mutamaiyu, asinyang'anywe. Akitafune kiwe laini, asugue kila jino hadi kwenye ukingo wa ufizi, asubuhi na usiku.

Yule mama nilimweleza haya. Alicheka, akaniuliza kama mswaki laini unauzwa hapa sokoni. Unauzwa.

Jumapili ijayo: meno ya utoto, na kwa nini yasipuuzwe.