Hatua za Piaget na Swali la Mwalimu

Mwanachuo wa ualimu huzikariri mapema hatua nne za ukuaji wa akili zilizoelezwa na Jean Piaget (1896–1980), bingwa wa Uswisi. Afikapo darasani huzigeuza kuwa hukumu: "Mtoto huyu hajafikia hatua." Sisi twaona kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno, na anayeumia ni mtoto.

Tulikumbuke jaribio lenyewe. Safu mbili za vitu, tuseme vizibo sita sita vya soda, hupangwa sambamba mbele ya mtoto. Huulizwa kama idadi ni sawa, naye hukubali. Kisha mtu mzima huitanua safu moja, pasipo kuongeza wala kupunguza kizibo, akauliza tena swali lile lile. Mtoto wa miaka minne au mitano aghalabu hujibu kuwa safu ndefu ndiyo yenye vingi. Piaget alihitimisha kwamba mtoto, mpaka afikie miaka saba hivi, bado hajatambua kuwa idadi haibadiliki kwa kubadilika mpangilio.

Lakini swali limeulizwa mara mbili! Mtoto wa shule azijua vema desturi za mwalimu. Mwalimu aulizapo "Tano na tatu ni ngapi?", akajibiwa "Nane," kisha akarudia "Ngapi?", darasa zima huelewa kwamba nane si jibu, na mikono huinuka kutaja saba na tisa. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank wa Marekani waliuliza mara moja tu, baada ya safu kubadilishwa. Watoto wa miaka sita wakakosea mara chache zaidi. Katika miaka hiyo hiyo James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Edinburgh walimtumia mwanasesere, dubu mtukutu, aliyevuruga safu kana kwamba kwa bahati mbaya. Zaidi ya nusu ya watoto wa miaka minne hadi sita walijibu sawasawa.

Tusikimbilie kusema kwamba Piaget ameangushwa. Mwaka 1986 Chris Moore na Douglas Frye walipomfanya dubu abadilishe idadi kweli, watoto walielekea kutoliona badiliko hilo. Huenda macho yao yalikuwa kwa dubu tu. Mabishano hayo yangaliko, nasi hatudai kuyamaliza.

Hoja huwa nzito zaidi jaribio lifanywapo kwa watu wa utamaduni mwingine. Huko Liberia, Wakpelle watu wazima walipewa vitu ishirini, yaani vyakula, nguo, zana na vyombo, wavipange vinavyohusiana. Waliweka kisu pamoja na chungwa, kwani kisu hukata chungwa, wakaeleza kwamba ndivyo afanyavyo mwenye busara. Mtafiti alipouliza mwishowe mjinga angefanyaje, vitu vikapangwa barabara katika makundi manne: vyakula na vyakula, zana na zana. Jibu alilolitarajia mtafiti kwa mwerevu, kwao lilikuwa la mjinga.

Ndiyo maana twashangazwa na mazoea ya kumtia mtoto wa darasa la kwanza katika kundi la "wazito" ndani ya majuma machache, kwa maswali ya mdomo yasiyozidi kumi. Kundi hilo huketi nyuma, huulizwa kidogo, na mwisho wa mwaka huonyesha uzito ule ule uliotabiriwa. Ripoti nayo huandikwa "urithi" au "mazingira", kana kwamba mjadala huo mkubwa umekwisha kuamuliwa ubaoni.

Kwa mazoezi ya kufundisha yajayo twapendekeza jambo dogo. Mtoto akijibu usivyotarajia, usimrudie swali lile lile. Mwulize, "Umejuaje?", kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea, kando ya andalio la somo. Darasa la watoto 70 haliruhusu kufanya hivyo kwa kila mmoja, twalijua hilo. Wawili kwa siku wanatosha. Na anayejibu sahihi aulizwe pia, la sivyo "Umejuaje?" itageuka kuwa namna nyingine ya kumwambia mtoto kwamba amekosa.