Mnunuzi wa mazao anayelala vijijini: Lori, Hiace au tela?

MWEZI Juni unapoingia, wilaya ya Momba mkoani Songwe hupata wakazi ambao hawamo katika daftari la mwenyekiti yeyote wa kijiji. Ni wanunuzi wa mahindi na maharage kutoka Tunduma, Vwawa na Mbeya, vijana wa mashine za kupukuchua, wachuuzi wa mitumba na vyombo, wauza dawa za mifugo. Hufuata mavuno kata kwa kata, wiki hii Ndalambo, wiki ijayo Kapele, na hulala palepale penye mali yao mpaka msimu uishe.

Kwa watu hawa gari si chombo cha usafiri tu. Ni duka, ni stoo, na usiku ni chumba cha kulala. Mnunuzi hulala juu ya magunia chini ya turubai, utingo hulala kwenye kabini, na asubuhi mizani hutundikwa palepale. Haishangazi basi kwamba mfanyabiashara anayepata fedha yake ya kwanza ya kueleweka hujiuliza anunue nini: lori, gari dogo la aina ya Hiace, au tela la kuvutwa.

Jibu la wengi huwa ni lori. Fuso ina heshima yake. Mwenye Fuso akiingia kijijini, wakulima hutoka na magunia hata kabla bei haijatajwa. Hata hivyo, kwa mnunuzi wa msimu ambaye mtaji wake haujakua, lori ndicho kitu cha mwisho kununua. Atakodi lori siku anayolihitaji; siku nyingine zote anachohitaji ni mahali pa kulala na pa kuwekea mzigo.

Chukua mfano wa mnunuzi anayekaa vijijini wiki 16, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Septemba. Hizo ni siku 112. Kama anahama au kupeleka mzigo siku 2 kila wiki, gari lake limetembea siku 32. Siku 80 zilizobaki limesimama chini ya mti likisubiri magunia yajae. Injini, gia na matairi, vitu vilivyolipiwa mamilioni, havifanyi kazi yoyote, na kama gari limenunuliwa kwa mkopo, riba haina mapumziko ya Jumapili. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Serikali iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, hivyo gari lililosimama halilimbikizi deni kama zamani. Lakini bima inabaki, betri inakufa, na dereva anakula kila siku, gari litembee lisitembee.

Wenye malori hujibu kwamba lori linabeba gunia nyingi kwa mafuta kidogo. Hapo wana hoja, ila hoja yenyewe ina sharti. Fuso inayokula lita 1 ya dizeli kwa kilomita 3 itatumia takriban lita 33 kwa kilomita 100. Ikiwa imebeba gunia 80 za kilo 100, kila gunia limetumia chini ya nusu lita. Hiace inayokwenda kilomita 9 kwa lita, ikiwa na gunia 9, itatumia kama lita 11 kwa umbali huohuo, yaani zaidi kidogo ya lita 1 kwa gunia. Lori limeshinda kwa mbali.

Sasa punguza mzigo wa Fuso uwe gunia 20. Hata kama litakwenda kilomita 4 kwa lita kwa kuwa ni jepesi, litatumia lita 25, na kila gunia litakuwa limekula lita 1 na robo. Hiace imeipita Fuso. Na gunia 20 si mfano wa kubuni kwa mtu anayekusanya debe kwa debe kutoka kwa wakulima wadogo, halafu anasikia bei imepanda Tunduma na kulazimika kuondoka na alichonacho. Lori ni la mzigo uliokwisha kujaa. Mnunuzi wa kijijini kazi yake ni kuujaza, na kazi hiyo huchukua siku nyingi kuliko safari.

Kirikuu nayo imeingia sana katika biashara hii, na inafaa isemwe wazi. Vigari hivi vilitengenezwa Japani kwa kazi nyepesi. Injini yake haizidi sentimita za ujazo 660 na mzigo wake wa kiwandani ni kilo 350. Hizo ni gunia tatu na nusu. Anayeipakia gunia 8 na kupanda nayo mlima anapoteza springi na klachi kabla ya msimu kwisha, na kwa mzigo halali mafuta yake kwa gunia ni ghali kuliko ya Hiace. Inafaa kuzungushia mboga na soda mjini Tunduma.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau wanapopanga hesabu, nalo ni mizani na ushuru. Tangu Machi 1, 2019, Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linapaswa kupita mizani, kama ule wa Mpemba kwa wanaotoka au kwenda Tunduma. Mwenye lori la ekseli mbili anajua kwamba ekseli ya nyuma yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10. Asichokijua, au anachojifanya hakijui, ni lumbesa. Gunia 80 zilizofungwa kwa lumbesa ya kilo 125 si tani 8 tena, ni tani 10. Zile tani 2 alizomnyang'anya mkulima shambani zinakuja kumdai yeye pale Mpemba.

Mwenye Hiace naye ana mstari wake. Mwaka 2017 ilifutwa tozo ya ushuru kwa mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Gunia 9 za kilo 100 ziko ndani ya msamaha huo. Gunia 9 za lumbesa ya kilo 125 ni kilo 1,125, na msamaha umekwenda. Kwa mara moja hesabu ya mkulima na ya mnunuzi mwaminifu zinakubaliana: gunia la kilo 100 lina faida kwa wote wawili.

Tela ndilo linalodharauliwa kuliko vyote, na hapa dharau inawagharimu watu. Cha ajabu ni kwamba mkazi wa Tunduma hahitaji kufundishwa faida yake. Kila siku huona malori makubwa ya kwenda Zambia na Kongo yakiwa vipande viwili, kichwa na tela. Kabla na hata baada ya kituo cha huduma za pamoja mpakani kufunguliwa mwaka 2019, madereva wameishi ndani ya vichwa hivyo siku kadhaa wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, wakipika uvunguni na kufua pembeni. Mwenye kampuni anafahamu kwamba kichwa ndicho ghali, na kwamba tela linaweza kuachwa mahali likipakiwa wakati kichwa kinatafuta fedha kwingine. Kwa nini mnunuzi wa gunia 30 asitumie akili hiyohiyo?

Tela la ekseli moja au mbili, lililotengenezwa na fundi mzuri wa kuchomelea, lenye bodi ya chuma, paa la bati na mlango wa kufunga kwa kufuli, linaweza kuvutwa hadi Ndalambo na kuachwa hapo wiki mbili au tatu. Mbele panawekwa kitanda cha mbao na sanduku la vyombo. Nyuma ni stoo. Mizani inatundikwa kwenye boriti ya mlangoni. Magunia yakizidi nafasi ya tela, ndiyo dalili kwamba sasa kuna mzigo wa kumwita mwenye Fuso, na Fuso hiyo itakuja ikijua itajaa.

Nani atalivuta? Hapa ndipo kalenda ya kilimo cha huku inapomsaidia mnunuzi. Momba ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Matrekta yana kazi nyingi ya kulima mvua zinapoanza. Kuanzia Juni hadi Oktoba mengi yamepumzika, na hiyo ndiyo miezi ya kukusanya mazao. Mwenye trekta lililolala atakubali kuvuta tela kilomita 15 kwa bei ya maelewano, maana vinginevyo hapati kitu. Hata pawatila zilizosambazwa wakati wa Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa mwaka 2009, zinaweza kuleta gunia chache kutoka shambani hadi penye tela, ingawa kuzitegemea kwa safari ndefu ni kujitafutia lawama.

Si wazo geni duniani. Marekani wapo wavunaji wa kukodiwa ambao kila mwaka huanza na ngano ya Texas mwezi Mei na kupanda kaskazini na mavuno hadi karibu na mpaka wa Kanada. Wana mashine kubwa na malori ya kubebea nafaka, lakini hawalali ndani ya malori hayo. Nyumba yao ni tela. Linavutwa hadi kambini, linafunguliwa, na lori linakwenda kufanya kazi. Wangekuwa wanalala kwenye malori, kila usiku wangekuwa wameegesha fedha.

Tela lina kasoro zake na si ndogo. Ya kwanza ni breki. Matela mengi ya mitaani hayana breki kabisa, na kwenye tambarare jambo hilo halionekani. Anayetaka kuteremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Kamsamba na Ivuna, asithubutu na tela la namna hiyo. Tani 3 zinazosukuma kutoka nyuma hulikunja trekta kabla dereva hajapata nafasi ya kufikiri. Kwa njia hiyo lori lenye breki nzima ndilo jibu, na fedha ya kulikodi isionewe uchungu. Aidha, tela halina taa zake mpaka uziweke, na trekta lenye tela lisilo na taa kwenye lami ya Tunduma kwenda Sumbawanga usiku ni msiba unaosubiri basi. Barabara hiyo ya kilomita 223, iliyojengwa kwa msaada wa MCC ya Marekani uliosainiwa mwaka 2008, imeongeza mwendo wa magari kuliko ilivyoongeza uangalifu.

Kasoro ya pili ni kwamba tela haliwezi kukimbia. Mvua ya kwanza ya Novemba ikilikuta bondeni, litabaki huko. Likitokea la kutokea usiku, huwezi kuwasha na kuondoka. Kwa hiyo pa kuliegesha ni jambo la kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji mapema, karibu na nyumba za watu, na pango la uwanja lilipwe kwa maandishi.

Hiace basi ni ya nani? Ni ya mchuuzi ambaye mali yake ni nyepesi na ina thamani, na ambaye hana haja ya kusubiri ijae: mitumba, vipodozi, simu, dawa za mifugo, mbegu za pakiti. Huyu leo yuko gulioni, kesho yuko kwingine, na gari lake linatembea siku 5 kwa wiki. Kwake injini haisimami, hivyo ana haki ya kuinunua. Avue viti vya nyuma, aweke rafu upande mmoja na godoro upande wa pili.

Liwe lori, Hiace au tela, kuna mambo mawili ya kulala ambayo hayana mjadala. Juni na Julai uwanda huu una baridi kali, na watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango. Moshi wa sumu ya mkaa hauonekani na hauna harufu; aliyelala haamki. Jiko libaki nje, blanketi ziongezwe.

La pili linawahusu wanunuzi wenyewe. Vidonge vya kufukizia nafaka, vyenye alumini fosfaidi, hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo huua wadudu, na huua binadamu vilevile, wala hospitali haina dawa ya kuipinga ikishaingia mwilini. Kuweka vidonge kwenye magunia na kutandika godoro juu yake ni kulala ndani ya ghala linalofukizwa. Tela lenye chumba cha mbele lazima liwe na ukuta wa bati uliozibwa kabisa kati ya kitanda na stoo. Hata hivyo, wakati wa kufukiza mtu akalale kwa mwenyeji.

Kikwazo kilichobaki ni mkopo. Kadi ya Fuso hupokelewa kama dhamana bila maswali mengi. Tela la fundi wa mtaani, hata likisajiliwa na kupewa namba, afisa mikopo hulitazama kwa shaka. Matokeo yake mfanyabiashara husukumwa kununua chombo kikubwa kuliko biashara yake, kwa sababu tu ndicho kinachokubalika mezani. Wawili au watatu wa SACCOS moja wanaweza kulikwepa hilo kwa kuagiza matela yao kwa fundi mmoja, yenye kipimo kimoja, breki na namba za usajili, kisha kupeleka kadi zote pamoja. Kazi hiyo ianze Februari, mahindi yakiwa bado mabichi, kwa sababu ifikapo Mei mafundi wote wa kuchomelea Tunduma huwa wanarekebisha bodi za Fuso.