Waranti ni Neno Gani?



Sisi watu wa reli tulilizoea neno waranti kwa upande wake mzuri. Siku za East African Railways and Harbours, mtumishi wa serikali akihamishwa alipewa waranti ofisini, akampelekea karani wa tikiti, naye akasafiri bila kutoa senti mfukoni. Ofisi yake ndiyo iliyolipa. Lakini neno hilo hilo likitajwa mlangoni usiku, mtu hutetemeka hata akasahau viatu.

Ndivyo ilivyompata mwenzetu mmoja wa karakana. Watu wawili walimpungia karatasi wakasema, "Hii ni waranti, toa redio na baiskeli." Akatoa. Sisi majirani tulisimama tukitazama tu, na aibu hiyo ni yetu. Kumbe karatasi ile ilikuwa barua ya deni la dukani, basi!

Neno lenyewe Waingereza waliletewa na Wanormani, waliotoka Ufaransa wakaishinda Uingereza mwaka 1066. Kwa lugha ya Wanormani warant alikuwa ni mtu: mlinzi, mdhamini, asimamaye nyuma ya mwenziwe tayari kujibu kwa ajili yake. Baadaye jina la mtu likahamia kwenye karatasi aliyoitia sahihi. Hata garantii tupewayo tukinunua saa ni ndugu yake tumbo moja, maana pale Wanormani waliposema w, Wafaransa wengine walisema g. Basi anayeuliza, "Nani yuko nyuma ya karatasi hii?" hana ujeuri. Anauliza maana ya neno.

Mwaka 1763 waziri mmoja wa Uingereza alikasirishwa na gazeti la John Wilkes lililoishutumu hotuba ya mfalme. Akatoa waranti ya kuwakamata waandishi na wachapaji wake bila kutaja jina hata moja. Watu zaidi ya 40 walikamatwa. Mmoja wao alikuwa kibarua wa uchapaji, William Huckle, ambaye mshahara wake ulikuwa gini moja kwa juma, yaani shilingi 21. Alizuiliwa muda wa saa 6 hivi, tena alilishwa nyama na bia. Hata hivyo alimshtaki aliyemkamata, akapewa fidia ya pauni 300! Hiyo ni zaidi ya mshahara wake wa miaka 5. Twasema bia ile iliwagharimu sana.

Na kwetu Kenya, sheria ya kesi za jinai yataka waranti ya kukamata mtu iwe na sahihi ya jaji au hakimu, itaje kosa kwa ufupi, na imtaje mtu mwenyewe kwa jina au kwa namna ya kumtambua. Anayekuja nayo lazima aeleze yaliyomo, na akitakiwa aionyeshe. Ni kweli polisi aweza kukamata bila waranti kwa makosa mengi, kwa hiyo mtu asishindane naye njiani. Lakini mwenye duka si polisi. Akidai deni lake na aende mahakamani kwanza, asiingie nyumbani mwa mtu na kubeba vyombo.

Mwenzetu amekwenda pamoja na katibu wa tawi, na baiskeli imerudishwa. Redio ilikwisha uzwa, na mambo yake yangali yanafuatwa.