Tumbo la Mjusi na Kosa la "Damu Baridi"

Mjusi wa ndevu ni mnyama wa nyanda kame za ndani ya Australia. Jina hilo limetokana na ngozi yenye miiba iliyo chini ya kidevu chake, ambayo huitunisha na kuigeuza nyeusi anapotishwa. Wataalamu humwita Pogona vitticeps. Ingawa kwa miongo mingi Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kuuzwa nje kibiashara, wazawa wa mijusi waliotoka huko zamani wamezalishwa vizimbani kwa wingi, na leo hufugwa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Ni mpole, haumi ovyo, wala hahitaji uwanja. Lakini tumbo lake huwasumbua sana wamfugao.

Malalamiko aghalabu huwa ni yale yale. Mjusi amekataa kula, hajapata choo kwa siku nyingi, tumbo limevimba, chakula kimetapikwa kikiwa kama kilivyoingia. Mwenye mjusi hukimbilia dawa. Mmoja humnywesha mafuta, mwingine hubadili chakula kila siku. Ni wachache waanzao kwa swali la fizikia: je, mahali anapoota joto pana nyuzi ngapi?

Mjusi hatengenezi mwilini mwake joto la kumtosha. Huliazima kwa jua na kwa mwamba. Akiwa huru huota jua hadi mwili wake ufikie nyuzi 35 au 36 za Sentigredi, kisha hujisogeza kivulini asizidi hapo. Katika hali hiyo vimeng'enya hufanya kazi kwa kasi, na misuli ya utumbo husukuma chakula mbele. Ndani ya kizimba chenye nyuzi 24 tu, mambo hayo yote hupungua kasi. Nyenje aliyemezwa asubuhi hukaa tumboni, bakteria wakamshambulia kabla vimeng'enya havijammaliza, na badala ya lishe pakawa na uozo na gesi. Kumwongezea chakula mjusi wa namna hiyo ni kuinjika chungu cha pili juu ya mafiga yasiyo na moto.

Kwa hiyo wafugaji wenye ujuzi huweka taa upande mmoja wa kizimba, ili jiwe lililo chini yake lifikie nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili huuacha na ubaridi, mnyama achague mwenyewe. Tena humlisha mapema mchana, wala si jioni, apate saa kadhaa za joto baada ya mlo.

Joto si yote. Mionzi ya urujuanimno humwezesha mjusi kutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo humwezesha kufyonza kalsiamu. Kalsiamu ikipungua, mifupa hulainika na misuli nayo hudhoofu, ikiwamo ile ya utumbo. Wako wamwekao mjusi nyuma ya kioo cha dirisha wakiamini amepata jua. Amepata mwanga tu. Mionzi anayoihitaji imezuiwa na kioo. Wengine humtandikia mchanga, naye akaumeza pamoja na wadudu hadi utumbo ukaziba. Minyoo na vijidudu vingine vya tumboni navyo vipo, na hivyo vyataka daktari wa mifugo apime kinyesi. Miguu ya nyuma ikilegea, hapana budi apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. (Kuna na jambo la ajabu: vimulimuli wa Marekani wa jenasi ya Photinus wana sumu, na mmoja tu aweza kumwua mjusi huyu.)

Sasa yafaa kuuliza ni kwa nini watu wenye elimu hulisahau joto. Lawama kubwa ni ya somo lenyewe. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba mijusi, nyoka na kobe ni "wanyama wa damu baridi". Aliyekariri maneno hayo huona ni halali kumweka mjusi mahali pa baridi, kwa kuwa ndiyo asili yake. Ilhali damu ya mjusi aliye juu ya mwamba mchana inakaribia nyuzi 37 za mwanadamu. Msemo huo wastahili kuondolewa madarasani. Tofauti iliyopo ni ya chanzo cha joto, si ya ubaridi wa damu.

Jambo hili lahusu Afrika Mashariki pia. Mjusi wa miambani ambaye dume lake lina kichwa chekundu ni wa ukoo mmoja na mjusi wa ndevu, nao wanafunzi humkamata wakamtia katika sanduku la maabara. Hula siku chache, kisha huacha, kisha hufa, na daftari likaandikwa kuwa "alikataa chakula". Shule isiyo na pimajoto ndani ya sanduku hilo haina haki ya kumweka mnyama humo. Na wanaomshika wanawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa mijusi wengi hubeba bakteria wa Salmonella.

Heri mjusi abaki ukutani mwa shule, nao wanafunzi wamwendee. Waandike kila nusu saa, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi, yuko upande gani wa ukuta, amejilaza bapa au ameinua mwili, na ukuta wenyewe una nyuzi ngapi. Halafu waweke alama mahali panapoonyesha saa aliyomeza mdudu wake wa kwanza.