Aliyepokea pesa ndiye ajibu

Tarehe 5 Januari 2010 Google ilizindua Nexus One, simu ya Android iliyoundwa na HTC ya Taiwan na kuuzwa mahali pamoja tu, kwenye tovuti ya Google yenyewe. Hapakuwa na duka la kuingia ukaishika mkononi kwanza, wala muuzaji wa kumrudia kesho yake. Aliyetaka simu isiyo na mkataba alilipa dola 529. Aliyekubali kukaa na mtandao wa T-Mobile wa Marekani kwa miaka miwili alilipa 179. Siku chache baadaye malalamiko yakaanza kumiminika, na mengi yalikuwa ya aina moja: 3G inashika, inapotea, simu inateremka kwenye EDGE, mtandao wa kizazi cha nyuma ambao kufungua ukurasa mmoja ni kazi ya kusubiri. Mnunuzi akatafuta wa kumwona. Google ilipokea maswali kwa baruapepe, na jibu lilikuja baada ya siku moja au mbili. T-Mobile ilisema simu imeuzwa na Google. HTC ilishughulika na kifaa, na lililoonekana kuwa la mtandao ikalirudisha T-Mobile. Nyuma ya simu moja walikuwapo wakubwa watatu, na aliyeilipia akawa mgeni katika milango yote mitatu.

Kisa ni cha zamani, na Nexus One haiuzwi tena. Nakirudia kwa sababu mpango wake wa biashara bado tunao: mmoja anaunda simu, mwingine anaweka mfumo, wa tatu anaiuza pamoja na laini yake kwa bei iliyopunguzwa au kwa mkopo. Ninachodai ni hiki: simu na mtandao vikiuzwa kwa pamoja, wajibu wa kumjibu mteja uwe kwa yule aliyepokea pesa yake, tangu siku ya kwanza, na asiruhusiwe kumwelekeza kwa mwingine. Atakayetaka kumdai mwenzake gharama amdai baadaye, huko huko baina yao.

Wanaozitetea kampuni husema, na hapa wana hoja, kwamba ni vigumu kujua kosa la simu linaishia wapi na la mtandao linaanzia wapi. Ni kweli. 3G ya T-Mobile ilikuwa changa; New York yenyewe iliipata mwaka 2008 tu, na maeneo mengi yalikuwa bado. Simu ikishuka kwenye EDGE, huenda mnara uko mbali, huenda redio ya simu ni dhaifu, huenda programu inaamua vibaya ni lini ihame kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mwanzoni mwa Februari Google ilitoa sasisho ambalo, pamoja na mambo mengine, lilikusudiwa kuboresha 3G. Wapo waliosema limewafaa, wapo ambao hawakuona tofauti. Lakini tazama maana yake. Sehemu fulani ya tatizo ilikuwa kwenye programu, kitu ambacho mhudumu wa T-Mobile asingeweza kukigusa hata angekaa na mteja mchana kutwa. Ikiwa wahandisi wenye vifaa vya kupimia walihitaji majuma kadhaa kupata sehemu ya jibu, kwa nini mnunuzi alazimike kujua, kabla ya kupiga simu, kosa ni la nani? Ugumu wa kutambua chanzo ni sababu ya kumwondolea mteja mzigo huo.

Kulikuwa na jambo jingine lililonishangaza zaidi kuliko 3G yenyewe. Aliyenunua Nexus One kwa mkataba, kisha akataka kujitoa baada ya siku 14 za majaribio, alitozwa faini mbili. T-Mobile ilidai dola 200 za kuvunja mkataba, na Google nayo, kama mteja aliondoka kabla ya siku 120, ilidai 350 za kufidia punguzo la bei ya simu. Jumla ni dola 550, zaidi ya bei kamili ya simu ile ile isiyo na mkataba, na mteja alikwisha kulipa 179 mwanzoni. Tarehe 26 Januari tume ya mawasiliano ya Marekani iliziandikia Google, T-Mobile na mitandao mingine mitatu mikubwa kuzitaka zieleze faini hizo na jinsi wateja wanavyoarifiwa. Muda mfupi baadaye Google ikashusha faini yake hadi 150. Kwa hiyo kampuni hizi zilikuwa zimekaa mezani zikapanga kwa usahihi wa siku na dola nani atadai nini mteja akiondoka. Nani atajibu simu ikigoma, hilo halikupangwa. Google ilikuja kuweka namba ya kupigia Februari, baada ya kelele.

Pingamizi la kawaida ni kwamba mnunuzi wa mwanzo anajua anachofanya. Ana haraka, anataka kuonekana na simu mpya kabla ya jirani, basi na avumilie. Kwa upande mmoja nakubaliana nalo, na mfano wake mzuri ni iPhone ya kwanza. Ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007 kwa dola 599 ile ya gigabaiti 8, ikiwa imefungwa kwenye mtandao wa AT&T. Tarehe 5 Septemba Apple ikaishusha hadi 399. Waliopanga foleni wakapandwa na hasira, na Steve Jobs, mkuu wa Apple, akaandika barua ya wazi akawapa hati ya dola 100 ya kununulia bidhaa za Apple. Ilikuwa busara ya kibiashara, lakini sioni kama walistahili kuidai kwa haki. Bei ya vitu vya elektroniki hushuka, na aliyenunua mapema alipata alichokilipia: simu inayofanya kazi, mapema. Ila iPhone hiyo hiyo ilikuwa na kisa cha pili ambacho hakilingani na cha bei. Simu haikuweza kutumika mpaka iunganishwe na kompyuta na kusajiliwa AT&T kupitia programu ya iTunes, na mwishoni mwa juma lile la kwanza baadhi ya wanunuzi walikwama hapo kwa saa nyingi, wengine zaidi ya siku, simu ya dola 599 ikiwa haiwezi kupiga wala kupokea. Haraka ya mnunuzi haiwezi kubeba hilo. Anayenunua mapema anakubali kulipa zaidi. Hajakubali kuuziwa kitu kisichofanya kazi kisha akose wa kumuuliza.

Pingamizi la pili lina takwimu, kwa hiyo linahitaji jibu la taratibu. Husemwa wanaolalamika ni wachache wenye sauti kubwa. Julai 2010, iPhone 4 iliposemwa kwamba inapoteza mawimbi ikishikwa kwa namna fulani, Jobs alisimama mbele ya waandishi akasema ni asilimia 0.55 tu ya wanunuzi waliopiga simu kuhusu jambo hilo, na kwamba zilizorudishwa AT&T zilikuwa asilimia 1.7, ilhali za modeli iliyotangulia zilikuwa asilimia 6. Sina sababu ya kuzikataa namba hizo. Lakini majuma mawili kabla, baada ya kuchunguza malalamiko ya hao hao wachache, Apple ilikuwa imekiri kwamba hesabu ya vijistari vinavyoonyesha nguvu ya mtandao ilikuwa na kosa tangu iPhone ya kwanza: simu ilionyesha vijistari vingi kuliko ilivyostahili. Miaka mitatu mamilioni ya watu walitazama kioo kinachowapa habari nzuri kuliko ukweli, na waliolifichua ni hao wenye sauti kubwa. Tena kuhesabu waliopiga simu ni kipimo chenye kasoro yake. Januari 2010 wanunuzi wa Nexus One waliopigia kitengo cha msaada cha Google kuhusu 3G walikuwa sifuri, kwa kuwa namba haikuwapo.

Linabaki pingamizi la fedha: ukiwabebesha wauzaji wajibu huu, simu za bei nafuu zitapanda. Google ilijaribu njia ya kuuza bila gharama za duka, na Mei 2010 ikatangaza kufunga duka lake la mtandaoni la simu, ikieleza kwamba wateja wengi wanataka kuishika simu kabla ya kuinunua. Ilipoleta simu zake za Pixel mwaka 2016, ilikuja na msaada wa saa 24 unaopatikana ndani ya simu yenyewe. Huduma ya kujibu imo ndani ya bei. Asiyeiweka kwenye bei anamlipisha mteja kwa muda wake.

Afrika Mashariki hoja hii ina uzito zaidi. Mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google hiyo hiyo, ilianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja anatanguliza kiasi kidogo, kisha analipa kwa siku, wakati huo kuanzia shilingi 20, na asipolipa simu inafungwa kutoka mbali. Naona ni mpango mzuri. Umewaingiza kwenye intaneti watu ambao wasingeweza kutoa maelfu kwa mpigo. Lakini mnunuzi wa Nexus One alikuwa na kazi, kompyuta na kadi ya benki, na bado alizungushwa. Mama muuza mboga wa soko la Gikomba, Nairobi, simu yake ikizima wiki ya tatu, deni linaendelea kuhesabiwa au linasimama? Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani tangu 2003 pamoja na baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Msingi wa sheria upo. Kila mkataba wa simu ya mkopo uongezewe vifungu viwili: duka lililoiuza liipokee simu mbovu bila kumtuma mteja kwa mtengenezaji, na malipo ya kila siku yasimame muda wote simu iko kwa fundi. Nazo mamlaka za mawasiliano, ambazo tayari hupima ubora wa mitandao na kutoa ripoti, ziorodheshe humo malalamiko ya miezi mitatu ya kwanza ya kila simu mpya inayouzwa na mtandao, kwa jina la modeli na jina la aliyeiuza.